Bendera za Pema

Asubuhi ile mume wangu Haruna alikuwa amefungua mashine ya boti uani, vipande vyake kavitandaza juu ya gunia, nami nachambua dagaa kwenye ungo. Mpangaji wetu akatoka chumbani kwake na kamba ndefu yenye vitambaa, ameizungusha shingoni na mikononi, kaiinua juu kama mtu anayevuka mto na nguo zake. Akaniuliza kama nina nafasi ya kumshikia upande mmoja.

Tulikuwa tukiishi mji mdogo kando ya ziwa, upande wa Burundi, si mbali na mpaka. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Haruna alizoea kuja kwetu kununua vipuri, akanioa, tukahamia kwao, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Maisha ya kule hayakunipa taabu. Mawese ni yaleyale, migebuka ya ziwani ni ileile, na Kirundi ni ndugu wa Kiha alichokuwa akinisemesha bibi yangu. Siku isiyo na ukungu, ukipanda kilimani, uliiona milima ya Kagunga, ng'ambo ya mpaka, ukajua kwenu ni pale.

Mpangaji wetu aliitwa Pema. Alikuwa mkunga kutoka Nepali, nchi ya milima mirefu, aliyekuja kuwafundisha wakunga wa zahanati yetu. Siku alipojitambulisha Haruna alicheka, akamweleza kwamba kwetu kwa neno hilo tunawaombea marehemu, Mungu awalaze mahali pema peponi. Pema hakuona vibaya. Alisema kwao ni jina la ua linalomea majini. Tangu hapo Haruna akawa anamwita shemeji, na mimi nikamwita dada, ingawa sikujua nani kati yetu ni mkubwa.

Nikashika ncha ya kamba. Haruna akaacha mashine yake, akapanda kwenye kiti na kuifunga kwenye boriti ya paa. Upande wa pili Pema akaufunga juu ya mpera. Vilikuwa vitambaa vya mraba, vya rangi tano zinazofuatana: bluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano, kisha bluu tena. Kila kimoja kilichapwa farasi katikati na maandishi pembeni, herufi nisizozijua. Bluu ni mbingu, Pema alinieleza, nyeupe ni upepo, nyekundu ni moto, kijani ni maji, njano ni ardhi. Hazichanganywi. Hutundikwa asubuhi, hewa ikiwa safi, baada ya mtu kuoga na kutuliza moyo. Na haziwekwi chini. Kwao, mwaka wao mpya ukiingia, baba yake alikuwa akipanda juu ya paa na kutundika mpya pamoja na za zamani, huku watoto wakiwa chini wakimpitishia, na mtoto aliyeziangusha alisikia maneno ya nyanya yake mpaka jioni.

Nikamuuliza maandishi yale yanamwomba nani.

Alifikiri kwanza, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga. Akasema upepo ukipita juu ya maandishi unayachukua, na kila unapofika yanafika. Anayetundika hajiombei mwenyewe. Anaomba watu wasiumie, anaowajua na asiowajua, na hata wanyama. Mtu anayetundika kwa ajili ya tumbo lake, alisema, huyo kafunga kamba tu.

Sitasema kwamba nilipenda. Sisi ni Waislamu, na nilihofu majirani wangesema nyumba ya Haruna imeingiza uganga. Jioni nilimweleza Haruna. Akaniambia dua ni za mwenyewe, chumba kakilipia, na sisi tuliokubali zitundikwe kwetu kazi yetu ni kumtunzia. "Ni amana," alisema, akaendelea kunawa mafuta mikononi.

Mvua zilipoanza rangi zikafifia. Nilizihurumia, siku moja nikataka kuzianua pamoja na nguo. Pema akanizuia. Kuchakaa ndiyo kazi yake, alisema. Kitambaa kikiisha, maneno yake yameshakwenda. Kimoja kilipokatika kwa upepo nikawa nakifagia, aliinama upesi akakiokota, akakifuta vumbi, akakiweka kwenye boksi hadi siku ya kuvichoma vyote kwa moto wa kuni, mbali na takataka. Haruna aliyaona hayo yote. Baada ya hapo, kila alipopita chini ya kamba na kukuta kitambaa kimejisokota alikinyoosha.

Matata yalianzia mji mkuu, kwenye ugomvi wa nani atawale. Kwetu yaliingia kwa ukimya. Redio tuliyozoea ikanyamaza. Sokoni wauzaji wakawa wanafungasha kabla ya adhuhuri. Boti zilizoondoka na familia nzima zikarudi na nahodha peke yake. Kisha wakatokea vijana wa doria, wengine tuliwafahamu kwa sura, na rungu, na baadaye na bunduki.

Ndipo nguo zikaanza kuogopwa. Rangi moja ilikuwa ya chama hiki, nyingine ya kile. Wanawake wakaacha kuanika kanga fulani nje. Jirani yetu Mzee Bonifasi alikutwa na fulana ya kampeni aliyopewa bure, akaamriwa aichane na kuikanyaga mbele ya wajukuu wake. Aliichana na kuikanyaga. Wakamwacha.

Nilimwambia Haruna tuzishushe bendera za Pema. Alikubali kwamba ni hatari, ila alitaka kwanza kumwuliza mwenyewe, maana hakujua zinashushwaje. Pema alikuwa halali nyumbani siku hizo. Wanawake walikuwa wakizaa njiani, kabla ya miezi yao, na zahanati ilikuwa imejaa hadi barazani. Mimi mwenyewe nilikuwa na mimba kubwa.

Walikuja asubuhi, jua limeshapanda.

Walikuwa vijana wanne. Mmoja wao aliwahi kununua petroli kwa Haruna, kwa ajili ya boti ya mjomba wake. Huyo hakututazama.

Kiongozi wao alisimama katikati ya ua, akainua macho, akauliza ile ni bendera ya nani.

Haruna akasema si bendera ya mtu. Ni dua za mpangaji wetu, yule mkunga wa zahanati, anawaombea watu.

"Watu gani?"

"Wote," Haruna akasema. "Hata nyie."

Kijana akacheka kidogo. Akasema maandishi yale hayasomeki, na rangi zile zinaonekana kutoka ziwani, na nyumba hii inawaonyesha watu njia. Haruna akajibu kwamba kama zinaleta shaka atazishusha sasa hivi. Akachukua kiti, akapanda, akafungua fundo la boritini, kisha lile la mpera. Alizikunja juu ya mkono wake, taratibu, moja juu ya nyingine, kama nilivyomwona Pema akifanya.

"Tupa chini."

Haruna akasema hizi haziwekwi chini. Akaomba ampe mkewe aziweke ndani.

Kijana akamvuta mkono. Vitambaa vikaanguka, kamba ikajinyoosha kutoka mlangoni hadi getini.

"Pita juu yake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona Haruna akiitazama ile kamba, kisha akinitazama mimi, kisha tumbo langu. Nilidhani atapita. Nilikuwa nangoja apite.

"Ni amana ya mtu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya kumweleza mteja kwamba mashine bado.

Akazunguka. Alipita pembeni, akipapasa ukuta, akatokea getini bila kugusa hata ncha ya kitambaa. Pale getini wakampiga kwa kitako cha bunduki.

Alipoinuka alinigeukia, akasema, "Funga mlango. Mngoje shemeji."

Wakaenda naye kuelekea barabarani. Yule wa petroli alikuwa wa mwisho kutoka. Aliiruka kamba.

Pema alirudi alasiri. Alizikuta bendera zikiwa chini, akaanza kuziokota, huku akimwita Haruna. Nikamwambia wamemchukua. Hakuuliza kwa nini. Siku zile hakuna aliyeuliza kwa nini. Sikumwambia. Alikaa nami sakafuni, bendera zikiwa mapajani mwake, na nilipozitazama nilitamani kuzitia moto hapo hapo.

Tulikwenda kumwulizia Haruna kila mahali ambapo watu walipelekwa. Penye kambi ya polisi tuliambiwa hayupo. Penye ofisi ya tarafa tuliambiwa alikuwapo, kahamishwa. Mwishowe askari mmoja mtu mzima, mwenye uso wa huruma, alilitazama tumbo langu akanishauri niache kuuliza, niende kwetu. Kwa namna alivyosema nikaelewa, ila mtu anaweza kuelewa na bado asikubali.

Wakubwa wa Pema walituma gari limchukue. Alilirudisha. Alisema barabara imefungwa, jambo ambalo halikuwa kweli, na mchana ule akanishika mkono tukashuka ziwani, tukapanda boti hadi Kagunga.

Kagunga naifahamu tangu utotoni, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Sikukitambua. Watu walikuwa wamelala hadi kwenye mchanga unaolowa, migongo imegusana, na hapakuwa na mti uliobaki na tawi. Tuliyanywa maji ya ziwa, na ziwa hilohilo ndilo lilikuwa choo. Haikuchukua muda kuhara kukaanza, kule kunakomkausha mtu toka asubuhi hadi jioni. Meli iliyokuja kutuchukua kwenda Kigoma haikuweza kukaribia ufukwe; ilisimama mbali, na watu wakapelekwa kwa boti ndogo, wagonjwa na wajawazito kwanza. Zamu yangu ilifika nikakataa. Nilisema mume wangu akija atapita hapa.

Pema alikwenda kwenye hema la wagonjwa akaanza kazi bila kuagizwa. Aliinama juu ya watu tangu kunapambazuka, akiwanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Akipata nafasi alinijia, akanipima, akanilazimisha kula. Siku moja nilimwona akifunga zile bendera kati ya nguzo mbili za hema. Zilikuwa zimebaki na alama za udongo wa uani kwetu. Mzee mmoja mgonjwa aliziona, akaanza kutambaa atoke nje, akisema watatuua kwa ajili ya hizo. Pema hakumwelewa. Mimi nilimwelewa vizuri.

Akaniambia amezitundika kwa ajili ya Haruna, popote alipo.

Kama ningefungua mdomo ningemwambia yote, na pale ndani kulikuwa na watu waliokuwa wakiishi kwa mikono yake tu. Nikatoka nikaenda kukaa majini.

Uchungu ulinishika siku hiyohiyo. Nilizalia nyuma ya hema, kanga mbili zikiwa ukuta. Mtoto alikaa vibaya. Pema alifanya kazi hadi jasho lake likawa linanidondokea, akinisemesha kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na mwisho kwa lugha yake, ambayo sikuijua ila nilimtii. Mtoto alitoka wa kike, kimya, Pema akampulizia mpaka akalia. Tulimwita Hawa. Mwanamke aliyelala jirani yangu, mgeni kabisa, alimwadhinia sikioni kwa sababu hapakuwa na mwanamume mwenye nguvu ya kusimama.

Kwa hiyo sikuweza kumchukia. Nilijaribu. Kila nilipoanza, mtoto alinyonya.

Meli ilitufikisha Kigoma. Wengine walipelekwa kambini. Mimi nilikuwa Mtanzania, shangazi yangu Bi Tatu akaja kunichukua bandarini, tukaenda kwake Ujiji. Pema alibaki Kagunga hadi hema lilipofungwa, kisha akarudishwa kwao akiwa mgonjwa. Tuliagana kwa simu ya kuazima.

Kumngoja mtu asiye na kaburi ni kazi isiyo na mwisho wa siku. Shangazi aliniuliza kama nikae eda. Sheikh akasema mtu aliyepotea ana hukumu yake, nisubiri. Nilisubiri. Waliokuja kutoka kule niliwauliza, na kila mmoja alikuwa na Haruna wake: mmoja alimwona gereza la mbali, mwingine alimwona kwenye lori, mwingine alisema wazi kwamba wote waliochukuliwa wiki ile walimalizwa kwenye michikichi, mtoni. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa analia, nikamwamini. Baada ya miaka, tulimsalia swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo, msikitini Ujiji, na wanaume walipotoka walinishika mkono mmoja mmoja wakisema Mungu amlaze mahali pema. Wakati huo ndipo niliposikia jina la rafiki yangu ndani ya neno hilo, nikashindwa kuitikia.

Pema alikuja kutuona mwaka huu. Sasa naishi Buzebazeba, si mbali na Ujiji, nauza mawese ya jumla. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na mvi, kabeba begi moja. Hawa akamwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," naye akamshika kichwa kwa mikono miwili, namna alivyomshika siku ya kwanza.

Baada ya chai akafungua begi akatoa bendera mpya, amezikunja ndani ya kitambaa cheupe. Akaniuliza kama naruhusu azitundike kwangu, kwa ajili ya Haruna.

Nikamtuma Hawa dukani. Kisha nikamweleza. Nilimweleza kijana alivyosema pita, na Haruna alivyosema amana, na alivyozunguka. Sikupunguza wala kuongeza.

Mikono ya Pema ilikuwa juu ya bendera.

"Ningepita," alisema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Zaituni, mimi ningepita. Ningezikanyaga kwa miguu miwili. Ni kitambaa. Maneno yalikuwa yameshakwenda. Kama ningekuwapo ningemwambia, kanyaga, shemeji, kanyaga uje."

Halafu akalia, kwa namna ambayo hata Kagunga sikuwahi kumwona. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikiamini kwamba angalau alikufa akitunza kitu ambacho kwa mwenyewe hakikuwa na bei. Sasa mwenyewe ananiambia angekitoa.

Alitaka kuzirudisha begini. Nilimzuia. Nilimwambia kama zinaombea watu wote, basi Haruna ni mtu, na wale vijana wanne ni watu pia, ingawa hao sikuwa tayari kuwataja. Asubuhi yake tulioga, tukazitundika kutoka kwenye paa hadi nguzo ya uzio, yeye upande mmoja na Hawa upande wa pili. Majirani waliuliza. Sheikh wetu naye aliuliza, kwa upole, kama ninaziabudu. Nilimwambia siziabudu wala sijui kuzisoma. Zimewekwa hapa na rafiki, nami namtunzia. Akakubali, au alinihurumia.

Pema amesharudi kwao. Rangi zimeanza kuliwa na jua.

Juzi Hawa aliniuliza kama baba yake aliziamini. Nilimwambia hapana. Akauliza kwa nini basi alikataa kupita. Nikamwambia baba yake hakujua kama maneno yanakwenda au yanabaki. Alijua tu kwamba ni za mtu, na mwenyewe hakuwapo. Hawa alifikiri, akasema baba alikuwa mtu mwema sana. Nikasema ndiyo.

Ni kweli alikuwa. Watu wa hapa waliopata kuisikia habari yake huniambia nijivunie, na najivunia. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni asubuhi ile, na najua nilichokuwa nangoja. Mzee Bonifasi alikanyaga, na waliotoka huko wanasema yu hai, wajukuu wake wameoa, hakuna anayemdharau. Ningeridhika kuwa mke wa mtu wa namna hiyo. Ningempikia kila siku, na angekuwa na aibu yake kidogo, na tungezeeka nayo.